Rimoti ya gari inakubali nikiibana tu, na betri nimebadilisha

Mama_Pacha
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kabla sijaanza kumwaga hela ovyo.

Gari langu ni la mwaka 2009, ufunguo ni ule wa kukunjua, rimoti imo humohumo kwenye kichwa cha ufunguo. Tatizo lilianza kwa kunivuta karibu. Zamani nilikuwa nafungua nikiwa mbali, ikafika mahali mpaka nisimame mlangoni kama mgeni anayepiga hodi. Wiki iliyopita nikabadilisha betri, na bora nisingeigusa: sasa nabonyeza mara tano, sita, kimya, ya saba ndiyo indiketa zinapepesa na milango inafunguka. Nimegundua nikiibana kwa kidole gumba na cha shahada, pale kwenye mfuniko wa nyuma, inakubali haraka zaidi. Kitaa chekundu kinawaka kila nikibonyeza. Gari linawaka kawaida. Ufunguo wa akiba upo kabatini, sijawahi kuutumia.

Pacha wangu wana miaka mitatu na hiyo rimoti ndiyo simu yao. Imeanguka mara zisizohesabika. Kuna anayeniambia ninunue ganda jipya nihamishie mashine, mwingine anasema niiprogramu upya. Nianze na lipi?

Kiguu_na_Njia
Hao pacha ndio jibu lako. Rimoti hizi hazitumi namba ileile kila siku. Kila ukibonyeza namba inabadilika, na gari linahesabu pamoja nayo. Watoto wakibonyeza sebuleni kutwa nzima gari halisikii, rimoti inatangulia, gari linabaki nyuma, wanapotezana. Iunganishe upya tu, utaratibu mara nyingi umo kwenye kitabu cha gari. Yangu ilinichukua dakika mbili.

FundiWaya
Mkuu Kiguu, hesabu ikipotea kabisa, kwa kawaida rimoti haikubaliki mpaka uiunganishe. Haikatai mara sita kisha ikakubali ya saba kwa kuwa imebanwa. Ukiibana unabadilisha nini? Chuma kinagusa chuma. Basi.

Dada Mama Pacha, usinunue kitu na usiprogramu chochote bado. Katoe ule ufunguo wa kabatini. Ukifungua vizuri, gari halina kosa: fyuzi, mota za milango, kipokezi cha mawimbi, vyote vizima, na ugonjwa uko mkononi mwako. Ukikataa, usihukumu haraka, huenda betri yake nayo imekufa kwa kukaa.

Gari kuwaka hakutuambii kitu kuhusu rimoti. Ndani ya ufunguo kuna vitu viwili visivyojuana. Chipu ya kuzuia wizi haina betri, inapata nguvu yake kutoka kwenye koili iliyozunguka pale unapochomeka ufunguo. Toa betri kabisa, gari litawaka vilevile. Na hapo ndipo ganda jipya linapoliza watu. Kwenye funguo nyingi za kukunjua chipu hiyo haiko kwenye bodi, kile kibao chenye vifaa vya rimoti. Ni kipande cheusi kidogo kama punje, kimechomekwa kwenye plastiki. Mtu anahamisha bodi, anatupa ganda la zamani, milango inafunguka, gari haliwaki. Nimewahi kupekua pipa la taka na mteja wangu kutafuta hiyo punje. Tuliipata chini ya maganda ya mayai.

Kitaa nacho kisikudanganye. Kinakunywa umeme kidogo sana, kutuma mawimbi kunataka zaidi, hivyo hata betri iliyochoka inawasha kitaa.

Sasa fungua mfuniko usome namba ya betri. Kama rimoti inataka CR2032, hizo 20 ni kipenyo kwa milimita na 32 ni unene wa milimita 3.2. Kuna CR2025 yenye kipenyo kilekile na volti 3 zilezile, ila unene wake ni 2.5. Inaingia, mfuniko unafunga, lakini ndani inacheza. Kuna pia betri zilizopakwa dawa chungu ili mtoto aiteme, na dawa hiyo ikiwa pale kibati kinapogusa inaweza kuzuia umeme. Futa kwa spiriti. Na kwa kuwa una watoto: betri ya zamani usiiache popote wanapofika. Ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukihisi tu kwamba imemezwa, ni hospitali moja kwa moja.

Mama_Pacha
Nimerudi. Ufunguo wa kabatini umefungua kwa mara ya kwanza, tena nikiwa mbali. Nikafungua wangu: 2025! Ile niliyoitoa, ambayo nilikuwa nimeitupia juu ya friji (nimeshaiondoa), ni 2032. Muuzaji alinipimia kwa macho.

Nimeweka 2032, nikainua kibati kidogo kwa kijiti cha meno. Sasa nafungua gari nikiwa dirishani jikoni. Ila kitufe cha buti bado kimya. Kufunga na kufungua milango sawa.

FundiWaya
Ule wa akiba unafungua buti?

Mama_Pacha
Unafungua.

FundiWaya
Basi buti lenyewe liache. Toa bodi, acha ule mpira wa vitufe pembeni, kisha bonyeza swichi ndogo ya buti kwa ncha ya kalamu, polepole. Ikifanya kazi hivyo, mpira umelika. Isipofanya, tazama miguu ya swichi: ikicheza, solda inayoishikilia kwenye bodi imeachia kwa kuanguka. Anayetengeneza simu anaweza kuirudishia, mwambie tu asiichome muda mrefu.

Kiguu_na_Njia
Nimenyoosha mikono. Na nimekwenda kuangalia yangu, nayo ina 2025.

Mama_Pacha
Mguu mmoja unacheza kama jino la mtoto. Naipeleka kesho. Pacha nimewapa rimoti ya televisheni iliyokufa, haina betri. Wameikataa, wanasema haina ufunguo.