Kiongozi wa madereva aliyewahi kukutetea au kukuuza: tupeane uzoefu

Deiwaka Mstaafu: Jana nimemwona kwenye runinga aliyekuwa katibu wa madereva wa kituo chetu. Suti, tai, anaitwa mheshimiwa. Mawazo yakanirudisha stendi ya mabasi Ubungo, Dar, Aprili 10, 2015. Mliokuwepo mnajua. Tumegomea kurudishwa darasani kila leseni ikiisha, abiria wamekalia mabegi tangu alfajiri, mara mabomu ya machozi. Katibu naye alikuwa deiwaka kama mimi, dereva wa kibarua cha siku. Alikimbia, kandambili moja ikabaki mtaroni, akarudi mguu mmoja peku kuongea na waandishi huku macho yanamchuruzika. Siku ile ningempa hata figo. Mei tukagoma tena, safari hii tukidai mikataba ya ajira. Baada ya hapo ni vikao, posho, picha na wakubwa. Mwaka uliofuata bosi akanishusha kwenye gari kwa simu tu. Nikamfuata katibu na daftari langu la hesabu. Hakulifungua. "Andika barua, braza." Braza! Mtu niliyekuwa namwachia tripu za jioni apate hela ya kula.

Konda wa Zamani: Umenikumbusha mbali. Wakishazoea kiyoyozi ndio basi.

Mwana wa Singida: Siku hiyo mimi nilikuwa naenda kumzika bibi. Nimekaa Ubungo mpaka mchana, tiketi mkononi, nasikiliza mazishi kwenye simu ya binamu. Nimesikia udongo unavyodondoka juu ya sanduku, halafu salio likakata.

Konda wa Zamani: Pole. Ila mgomo usiomuuma mtu unaitwaje, sherehe?

Mwana wa Singida: Angekuwa bibi yako usingeandika huo upuuzi.

Bi Karani: Deiwaka, ulikosea mlango. Ukiachishwa kazi unakwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, siyo kwa katibu. Na usitishwe na kukosa mkataba wa maandishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe mliyokubaliana.

Mzee wa Tochi: Nenda CMA ushinde, halafu tuone nani atakupa usukani. Wenye magari wanapigiana simu. Bora ugombee wewe huo ukatibu, tutakununulia kandambili.

Konda wa Zamani: Hahaha, jozi mbili kabisa.

Deiwaka Mstaafu: Mwana wa Singida, pole sana ndugu yangu. Nilikuwa kwenye lile kundi lililosimama getini kuzuia magari. La Singida lilikuwa la kwanza kwenye foleni.