Tupeane uzoefu: kutapika na kuharisha mimba ikiwa kubwa

Mama Chekechea, Umoja
Nilikuwa wiki 35. Mtoto wangu alianza kutapika Jumatatu, Jumatano usiku ikawa mimi. Kila nilichokunywa kilirudi. Kilichonitia hofu ni tumbo: linakaza, linaachia, linakaza tena. Bwanangu alinipeleka hospitali, nikawekewa dripu, na chupa ya pili ilipoisha tumbo likatulia. Daktari alinieleza kwamba mwili ukikauka maji, mji wa mimba unaweza kuanza kukaza kabla ya siku zake. Sasa dadangu ana wiki 33 na kwake wawili wanaharisha. Mliopitia, mlifanyaje?

Mama Pacha, Kayole
Pole, mama. Mimi kiu ilinifanya ninywe glasi nzima, ikarudi yote. Mama mkwe akaja na kijiko. Kijiko kimoja cha ORS, ile ya pakiti ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini, tunangoja kidogo, kingine, hivyo hivyo mpaka alfajiri, na mkojo ukaanza kutoka tena. Pakiti zilipoisha tulichanganya wenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi hapo hata kidogo. Siku tatu hizo mama mkwe hakuondoka kitandani pangu, Mungu ambariki. Chakula sikujilazimisha, siku ya pili nilikula wali mweupe na ndizi mbivu.

Wa Githurai
Yangu iliisha kwa siku mbili. Uji mwepesi na kulala.

Mama Kwanza, Kasarani
Chungeni dawa. Niliyemtuma kemisti hakusema nina mimba, akarudi na ya kufunga kuharisha na diclofenac ya maumivu. Nikampigia nesi wa kliniki kabla ya kumeza. Akanikataza diclofenac na mwenzake ibuprofen, kwamba mimba ikifika hapo zinaweza kudhuru moyo na figo za mtoto. Ya kufunga kuharisha nayo nisiiguse bila daktari. Homa niliishusha kwa paracetamol.

Mama Binti, Pipeline
Mimi nilichelewa, na nikikumbuka bado naumia. Mtoto alipunguza kucheza tangu mchana, nikasema amechoka kama mimi. Tena naishi gorofa ya sita, kushuka ngazi nilikuwa sijiwezi. Usiku jirani wawili walinishika mikono. Hospitali walikuta moyo wa mtoto unaenda mbio na mimi nimekauka kabisa. Binti yangu ni mzima, ana miaka miwili. Lakini mtoto asipocheza kama kawaida yake, au ukiona damu, maji ya uzazi, homa kali, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, amsha watu usiku huo huo. Beba kitabu cha kliniki.

Mama Chekechea, Umoja
Asanteni sana. Nimempigia dada. Nimemwambia anawe kwa sabuni na maji, maana sanitaiza haiviwezi vizuri virusi vya noro, vile vya kutapisha na kuharisha, na choo kipigwe Jik kila mgonjwa akitoka. Wagonjwa wasimpikie. Amenunua pakiti sita za ORS. Anasema mtoto anacheza vizuri.