Data za rada kwa pwani ya Ziwa Victoria: ASF ya Alaska, Copernicus, Earth Engine au Digital Earth Africa?

Mkolani_Ramani

Wakuu, habari za kazi. Nina kazi ya kuchora ramani ya pwani ya ziwa kuanzia Ghuba ya Mwanza hadi mdomo wa mto Simiyu, upande wa Magu. Mambo ninayotafuta ni matatu. Majaruba ya mpunga yanajaa maji lini na yanakauka lini. Magugu maji yanahamia wapi ndani ya ghuba. Na muda ukiruhusu, niangalie kama ardhi inatitia pale watu walipojaza kifusi na kujenga karibu na maji.

Picha za kawaida za Landsat na Sentinel-2 zimenishinda kipindi cha masika. Wakati mpunga uko ndani ya maji ndio wakati mawingu hayaondoki juu yetu. Kwa hiyo nimeamua kuhamia kwenye rada, kwa sababu haizuiwi na wingu wala giza.

Shida yangu ni kwamba kila ninayemuuliza ananitajia sehemu tofauti. Mmoja kasema Alaska Satellite Facility (ASF), mwingine Copernicus, mwingine Google Earth Engine, mwingine Digital Earth Africa. Zote nne zina picha za rada za Sentinel-1. Sasa tofauti iko wapi? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na intaneti yangu ni bando la simu. Naomba majibu ya watu waliozitumia.

Ngosha_wa_Setilaiti

Mkuu, Sentinel-1 ni ileile popote utakapoichukua. Ni setilaiti za Ulaya: 1A ilirushwa Aprili 2014, 1B ikafuata 2016 na kuharibika Desemba 2021, 1C ikaruka Desemba 2024, na 1D Novemba 2025. Unachochagua wewe ni nani afanye kazi nzito ya kuisafisha picha kabla haijakufikia. Kwa RAM ya GB 8 na bando la simu, ukijibu hilo umemaliza.

Copernicus Data Space ndiyo chanzo chenyewe. Ukitaka kutazama tu, kivinjari chao ni kizuri sana, unakuza ramani mpaka Nyegezi bila kupakua kitu. Ila ukitaka kufanya hesabu unapakua faili ghafi: GRD moja (picha ya nguvu ya mwale uliorudi) inazunguka GB 1, SLC moja (inayobeba na awamu ya wimbi) inafika GB 4 au zaidi. Halafu uifungue kwenye SNAP, programu ya kuchakata picha za rada, urekebishe kelele, mwanga na mwinuko. Hiyo SNAP kwa RAM ya GB 8 itakuchosha.

ASF wako Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na wanahifadhi data za rada kwa niaba ya NASA. Kuwa kwao kaskazini kule kuna sababu. Setilaiti hizi huzunguka dunia kwa kupita karibu na ncha zake, hivyo antena iliyoko Fairbanks huziona mara nyingi zaidi kwa siku kuliko antena ambayo ingewekwa huku kwetu karibu na ikweta. Walianza kupokea data na setilaiti ya ERS-1 mwaka 1991, na leo ghala lao lina data za setilaiti za rada za zamani: ERS, JERS-1, RADARSAT-1, ALOS PALSAR, mpaka Seasat ya 1978 iliyofanya kazi siku 105 tu ikazimika. Karibu zote ni bure, unafungua akaunti ya Earthdata ya NASA basi.

Kinachonifanya niwasifu ni huduma yao ya HyP3. Unaingia Vertex, tovuti yao ya kutafutia picha, unachora eneo lako kwenye ramani, unachagua picha, unaagiza RTC (picha iliyosahihishwa athari za miteremko), unafunga kompyuta. Seva zao zinafanya usafishaji wote, zikimaliza unakuta faili la GeoTIFF linalofunguka kwenye programu ya ramani ya QGIS moja kwa moja. Umeme ukikatika kwako, kazi kule inaendelea. Unapewa mgao wa kila mwezi na kwa eneo kama lako unatosha. Angalizo: faili zilizokamilika hufutwa baada ya siku 14, kwa hiyo usiagize kabla hujawa na bando la kuzipakua.

Mwl_Malimbe

Nakubaliana na Ngosha kuhusu ubora wa ASF, ila Digital Earth Africa isiachwe nyuma. Wao wameshaisafisha Sentinel-1 ya Afrika nzima. Hakuna kuagiza, hakuna kusubiri. Pikseli ni mita 20, mwinuko umesharekebishwa, na unafanyia hesabu zako mlemle mtandaoni kwenye mazingira yao ya lugha ya programu ya Python bila malipo. Wanafunzi wangu wasio na kompyuta nzuri hutumia hiyo na wanamaliza kazi.

Faida nyingine ni ramani zao za maji zilizotokana na Landsat, zinarudi nyuma mpaka 1984. Kwa mtu wa pwani ya ziwa hilo si jambo dogo. Mei 2020 ziwa lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na nyumba nyingi za ufukweni ziliingia maji. Ukitaka kujua ufukwe wa Magu ulikuwa wapi kabla ya hapo, Sentinel-1 haikusaidii miaka ya nyuma ya 2014.

Ngosha_wa_Setilaiti

Mwalimu, hoja ya historia ya maji naipokea yote. Kwenye majaruba ndipo tunapotofautiana. Majaruba ya Magu na Misungwi mengi ni madogo, na pikseli ya mita 20 inachanganya maji, tuta na kichaka kuwa kitu kimoja. ASF ukiagiza RTC unachagua mwenyewe mita 10, 20 au 30. Kwa mpunga nitachukua 10 hata kama faili ni kubwa.

Na hayo mazingira ya Python yanataka intaneti isimame imara muda wote unaofanya kazi. Chuoni sawa. Mtu wa bando la simu, mtandao ukiyumba katikati anaanza upya.

Dada_Nansio

Habari zenu kaka zangu. Mimi nafuatilia magugu maji kutoka huku Ukerewe, na naona mmejadili mahali pa kuchukua data bila kugusa upepo. Kwenye ziwa letu upepo ndio unaoharibu kazi.

Maji yaliyotulia ni meusi kwenye rada, kwa sababu mwale unateleza juu yake na kuondoka, haurudi kwenye setilaiti. Gugu lililoelea linarudisha mwale, linaonekana jeupe. Kwa nadharia hiyo unaweka kipimo kimoja, kilicho juu yake ni gugu, kilicho chini yake ni maji. Sasa upepo ukivuma, viwimbi vidogo vya juu ya maji navyo vinarudisha mwale, na nusu ya ghuba inageuka nyeupe. Ukitumia kipimo kilekile utatangaza kwamba Ghuba ya Mwanza yote imefunikwa na magugu, wakati wavuvi wanapita na mitumbwi yao kama kawaida.

Sentinel-1 inapita karibu na macheo au karibu na machweo. Anayeishi kisiwani anajua hizo ni nyakati za pepo mbili tofauti, ule wa kutoka nchi kavu na ule wa kutoka ziwani. Kwa hiyo picha ya asubuhi na picha ya jioni usizilinganishe kama vile ni siku moja ya ziwa. Chagua upande mmoja wa mpito (wa asubuhi au wa jioni) na namba moja ya njia, ukae hapohapo kuanzia mwanzo wa kazi hadi mwisho. Kwenye Vertex kuna kichujio cha hayo yote, na ni sababu mojawapo inayonifanya nipende kuanzia pale hata nikienda kufanyia kazi kwingine.

Chaneli nayo ni muhimu. VV ni mwale uliotumwa wima na kupokelewa wima, VH umetumwa wima na kupokelewa mlalo. VV inaathirika sana na viwimbi, VH haiathiriki sana kama hiyo. Kwa magugu mimi huanza na VH, halafu VV naitumia kunionyesha siku zipi za upepo nizitupe. Na penye mafunjo kuwa makini: mafunjo yaliyosimama ndani ya maji hurudisha mwale kwa nguvu, unagonga maji kisha shina, unarudi ulikotoka. Yataonekana meupe, na mtu asiyeijua pwani atayaita nchi kavu.

Kuhusu swali la mkuu wa Mkolani, kwa magugu RTC ya mita 10 huihitaji. Kule ASF kuna bidhaa inaitwa OPERA RTC-S1, imeshasafishwa tayari, pikseli mita 30, imekatwa vipande vidogo. Kwa picha za miaka ya karibuni inapatikana tayari. Unapakua kipande cha ghuba peke yake na bando halilii.

Kijana_wa_Buhongwa

Earth Engine mbona mmeipita? Mimi natumia hiyo tu. Sipakui chochote, naandika mistari michache, naona mabadiliko ya miaka yote.

Ngosha_wa_Setilaiti

Hatujaidharau kijana. Kwa kuona haraka mwenendo wa miaka, hakuna inayoifikia, na kwa kazi isiyo ya biashara ni bure. Ila ujue imebeba nini: ni GRD peke yake, thamani zake ziko kwenye desibeli, na athari ya miteremko kwenye mwangaza haijaondolewa. Majaruba ni tambarare, hayo hayatakusumbua. Nenda kwenye vilima vya mawe vya Mwanza mjini uone. Upande wa kilima unaoitazama setilaiti unang'aa, upande wa nyuma unafifia, na si kwa sababu ya kitu chochote kilichopo ardhini. Kwa wastani wa miezi au vipindi, geuza desibeli kuwa thamani za kawaida kwanza, ndipo utafute wastani.

La tatu kwa mwenye uzi: kutitia kwa ardhi hupati kule kabisa. Inahitajika SLC, yenye awamu ya wimbi ndani yake, na Earth Engine hawana.

Mpimaji_Igoma

Hapo kwenye kutitia niingie mimi.

HyP3 hukutengenezea picha ya mwingiliano wa mawimbi kutoka tarehe mbili. Wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa takriban sm 5.6, na mzunguko mmoja kamili wa rangi ni ardhi kusogea nusu yake, sm 2.8, kuelekea setilaiti au kwenda mbali nayo. Kazi ya kawaida ya HyP3 hutoa pikseli ya mita 80 au 40. Kiwanja kilichojazwa kifusi ufukweni kinapotelea ndani ya pikseli ya mita 80. Kwa hiyo usiagize picha nzima, agiza Burst: kipande cha takriban km 20 kwa 85, na hapo unaweza kushuka mpaka mita 20. Mji wa Mwanza unaingia na faili linakuwa dogo. Copernicus nao wamebuni njia ya kukata vipande hivyo, lakini ukishakata mahesabu yote ni yako. ASF wanakupa kilichokwisha pikwa.

Usiamini jozi moja ya tarehe. Mvuke wa ziwa hubadilika kutoka mpito mmoja hadi mwingine, na mvuke huchelewesha wimbi kiasi cha kuonekana kama ardhi imesogea. Watu wa nchi kavu kabisa hawana tabu hii kama yetu. Unahitaji jozi nyingi, mfululizo wa mwaka mzima au zaidi, kisha uzichakate pamoja kwa MintPy, programu ya bure. Majengo na mawe yetu ya Mwanza hushika mawimbi vizuri, ni aina ya ardhi inayofaa. Shamba la mpunga au mihogo halishiki, siku 12 tu mimea imebadilika na rangi zinavurugika.

Hapo ndipo NISAR inanipa matumaini makubwa. Ni ya NASA na India, ilirushwa 30 Julai 2025 kutoka Sriharikota, na rada yake ya bandi ya L ina wimbi la karibu sm 24, linalopenya majani kuliko la Sentinel-1. Ghala la data zake ni hiyohiyo ASF. Anayejifunza Vertex sasa hivi atakuwa ameshajua mlango.

Jambo lingine, na hili linaniuma kwa sababu nakutana nalo kwenye ripoti za mifereji na barabara. Watu wengi huku wanaijua ASF kwa sababu moja tu: kupakua "DEM ya ALOS PALSAR ya mita 12.5", yaani ramani ya mwinuko inayobeba jina la rada ya setilaiti ya Japani. Wakuu, mwinuko ule haukupimwa na PALSAR. Ni SRTM, iliyopimwa Februari 2000 kutoka chombo cha angani Endeavour, ikapanuliwa kufikia pikseli ya mita 12.5 ili itumike kusahihisha picha za PALSAR. ASF wenyewe wanalieleza hilo waziwazi. Taarifa iliyomo haizidi ile ya mita 30. Tena urefu wake umehesabiwa kutoka kwenye elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu), si usawa wa bahari, kwa hiyo ukiuweka pamoja na alama za upimaji za hapa namba hazikutani. Ukitaka mwinuko wa bure wa eneo letu chukua Copernicus DEM ya mita 30. Usimchoree mtu mfereji wa Mirongo kwa kuamini 12.5 ambayo haipo.

Mwl_Malimbe

Hilo la DEM asante sana Mpimaji. Nalipeleka darasani.

Mkolani_Ramani

Nimewasoma wote, nashukuru mno. Nimeamua hivi. Majaruba: RTC ya mita 10 kutoka HyP3, tarehe chache za kuandaa shamba na chache za mpunga ukiwa umekua, si msimu mzima. Magugu: OPERA ya mita 30, VH, njia moja, siku za upepo zinatupwa. Ufukwe wa zamani: ramani za maji za Digital Earth Africa, nitaenda kuzifanyia pale penye mtandao wa uhakika. Kutitia naanza na Burst za mjini peke yake.

Dada Nansio, swali la mwisho. Siku za upepo unazijuaje bila kituo cha hali ya hewa karibu?

Dada_Nansio

Angalia VV katikati ya ghuba, mbali na ufukwe, mahali unapojua hapana gugu wala mwamba. Chora kisanduku hapo na usome wastani wake kwa kila tarehe. Tarehe ambazo kisanduku kimepanda ghafla kuliko nyingine, ziwa lilikuwa na mawimbi. Weka kisanduku cha pili upande wa Ukerewe, maana ghuba ikiwa shwari huku nje panaweza kuwa pamechafuka. Ukikwama nitumie namba ya njia uliyochagua, nikupe mipaka ya visanduku ninavyotumia mimi.