Tumetoka Kapenguria: je, homugadi naye atajwe kwenye makumbusho?

Mwalimu wa Njoro: Jumamosi tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Kapenguria, kwenye gereza la zamani ambalo tangu 1993 ni makumbusho. Waliimba kuanzia Timboroa hadi Kitale, koo zikakauka. Walipoingia kwenye vyumba walimofungiwa wapigania uhuru sita, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na Oneko, wakanyamaza bila kuambiwa. Kisha msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, aliyekuwa akifunga mlango huu usiku alikuwa nani?" Nikasema askari wa serikali. "Mzungu?" Hapo mimi ndiye niliyekata maneno, nikawaambia gari linangoja.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Babu yangu alikaa kizuizini, kambi ya Manyani. Mzee tuliyepakana naye shamba alikuwa homugadi, yaani Mwafrika aliyeshika silaha upande wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, wapiganaji wa ardhi na uhuru. Walichota maji bomba moja hadi wakafa, na sikuwahi kusikia wakisalimiana. Agosti 1963 Kenyatta alisimama hapa hapa Nakuru akawaambia walowezi kwamba yaliyopita tusameheane, wabaki walime. Wale wazee wawili ni nani aliyewaketisha chini? Ndipo nauliza: makumbusho yetu yawataje homugadi kwa majina, au tuyaache yalale?

Kijana wa Bahati: Watajwe, na mashamba waliyopata yatajwe. Wazee wetu walitoka vizuizini wakakuta ardhi imeshapimwa na kugawanywa wao wakiwa wamefungwa. Hata jina la Mau Mau liliendelea kuwa haramu kisheria mpaka 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupanda! Na tuseme kweli, uhuru huu tuliumwagia damu sisi Wakikuyu wa Mlima Kenya, wengine wakiwa ziwani wanavua samaki. Wale sita wenyewe si wote ni wa kwetu?

Jaduong' wa Kondele: Soma tena majina aliyokuandikia Mwalimu. Oneko, Mjaluo wa huku kwetu, ni wa Mlima gani? Ngei je, Mkamba wa Machakos? Achieng' Oneko alikamatwa Oktoba 1952 pamoja na wenzake, wakahukumiwa Aprili 1953 miaka saba na kazi ngumu. Yeye alishinda rufani, hukumu ikafutwa, na bado hawakumwachilia mpaka 1961. Huyo ndiye mvuvi wako. Tena watu wa Nakuru mjini ndio waliompigia kura 1963 awe mbunge wao. Waulize wazee wa Bahati.

Kijana wa Bahati: Mzee, mmoja hafanyi jeshi. Sijasema hakuna hata mmoja.

Jaduong' wa Kondele: Ulisema wote, sasa unasema mmoja. Basi nikuongezee, maana umenichoma. Oktoba 1969 Kenyatta alikuja kufungua hospitali hapa Kisumu, ile tunayoiita Russia, watu wetu wakapigwa risasi barabarani, na watoto walikuwamo. Baada ya hapo Oneko akatiwa kizuizini tena, akakaa hadi 1975. Safari hii aliyemfunga ni mfungwa mwenzake wa Kapenguria. Mnaniuliza habari ya homugadi? Nionyesheni kwanza ukuta wenye habari hiyo.

Binti wa Kapsabet: Shikamoo wazee. Nimesoma nikangoja mtu ataje Nandi, nikachoka. Mnaongea kama kupinga wakoloni kulianza 1952. Sisi tulipigana tangu 1895 hadi 1905, reli ikipita kwetu. Kiongozi wetu Koitalel Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905. Alikuja kuzungumza, afisa Mwingereza Meinertzhagen akampiga risasi. Fimbo zake za uongozi zilikwenda Uingereza zikarudi 2006, karne nzima baadaye, na sasa ziko kwenye makumbusho yake Nandi Hills. Nilisimama mbele yake nikiwa na kogo wangu, bibi yangu, akashika kitambaa mdomoni, hakutoa neno mpaka tukafika nyumbani. Kwa hiyo mtu akinitajia maridhiano, mimi nauliza kwanza nani ameita kikao na bunduki iko wapi.

Kijana wa Bahati: Dada, hayo ya 1905 ni ya Wazungu na Wanandi. Hapa tunazungumza usaliti wa sisi kwa sisi.

Binti wa Kapsabet: Na waliokuja pamoja na Meinertzhagen wote walikuwa weupe? Askari wake walitoka Afrika hii hii. Swali la yule msichana wa Njoro ni letu pia.

Mkazi wa Makutano: Mimi ni Mpokot, naishi karibu na hilo gereza. Wageni hupita kwenye nyumba zetu za kienyeji pale dakika tano wakirudi garini. Lukas Pkech na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa, dini iliyopinga wakoloni, walipigwa risasi Kolloa, Aprili 1950, kabla ya hali ya hatari kutangazwa. Mwalimu, watoto waliambiwa?

Mwalimu wa Njoro: Hawakuambiwa, ndugu yangu. Hilo nalichukua. Lakini naomba turudi kwenye swali.

Mkazi wa Lanet: Nimeandika na kufuta mara tatu. Babu yangu mzaa baba alikuwa homugadi. Mwajua alivyoingia? Ndugu yake mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, akakataa kula kiapo cha Mau Mau, akauawa mlangoni pake. Wiki ile ile wakaja wa serikali wakasema chukua mkuki huu ama tukuweke pamoja na wanaokula kiapo. Alikuwa na mke na watoto wawili. Hakupata shamba la mtu. Alikufa akiwa na ekari moja na nusu, na hakuna mwaka aliozungumzia vita. Machi 1953, usiku Mau Mau walipovamia Lari, waliochomwa majumbani walikuwa na wanawake na watoto wa homugadi, kisha wenzao wakalipiza kisasi kwa watu wengi waliokuwa hawajui lolote. Wote ni wafu wetu. Mkitaka kuandika jina la babu yangu ukutani, andikeni na la ndugu yake.

Kijana wa Bahati: Wote hujitetea hivyo. Hakuna homugadi aliyewahi kupata shamba, hakuna aliyewahi kupiga mtu. Basi nani alimvunja shosho yangu mkono kwenye kijiji cha dharura, walikofungiwa watu wakati wa vita? Upepo?

Mkazi wa Lanet: Sijasema hawakupiga. Nimesema aliyenilea ni huyu, na sina babu mwingine. Pole kwa shosho yako. Hayo nakwambia kwa moyo.

Jaduong' wa Kondele: Uingereza yenyewe Juni 2013 ilisema inasikitika kwa mateso ya wakati huo, ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Aliyewalipa alikuwa mgeni. Sisi wenyewe hatujalipana hata neno. Rawson Macharia, shahidi aliyemkandamiza Kenyatta mahakamani, alijitokeza 1958 akaapa kwamba alihongwa aseme uongo. Waliomhonga hawakuguswa, akafungwa yeye. Kwa nchi yenye historia hiyo, nani atajitokeza aseme babu yangu alishika funguo?

Binti wa Kapsabet: Amejitokeza hapo juu, Jaduong'. Yule wa Lanet.

Mwalimu wa Njoro: Nimesoma yote. Mimi nilikuja nikitaka majina yaandikwe, kwa sababu nilimfikiria babu yangu peke yake. Sasa sitaki orodha tupu. Lakini wasiposemwa kabisa, watoto watadhani mlango ulijifunga wenyewe. Jumatatu nina kipindi na wale wale, na msichana yule hukaa dawati la mbele. Nimeahidi moyoni kumjibu.

Mkazi wa Lanet: Mwalimu, ninayo picha moja ya babu, amevaa koti la kaki, mkuki mkononi. Baba aliificha nyuma ya kabati miaka yote. Nikiileta shuleni, utaipokea?

Mwalimu wa Njoro: Ilete. Uje nayo wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Jaduong' wa Kondele: Vizuri. Ila kabla ya picha, aliyesema habari ya samaki bado hajaniomba radhi.

Kijana wa Bahati: Kwa neno la samaki, samahani mzee. Lilinitoka, na la Oneko sikulijua. La homugadi siondoi.