Fonti nene za vichwa na leseni zake: tupeane uzoefu

KalamuNzito: Wadau habari zenu. Tupeane uzoefu wa hizi fonti nene za mabango, makava, logo na kadhalika, unachaguaje na leseni unaimalizaje na mteja? Naanza mimi. Ile sampuli nzuri wanayoweka mtandaoni huwa siiamini, naandika maneno yenyewe ya mteja kwenye kila fonti, maana fonti inaweza kuwa moto kabisa halafu ukiandika NG'ARA ile alama ya ng' imekaa kama imedondoka tu, au tarakimu zimechorwa kivivu na bango lina tarehe. Na maneno yetu marefu, kwahiyo mara nyingi naishia kwenye nene zilizobanwa, hizo zinakupa kichwa kikubwa bila kukata neno.

mama_vekta: Mimi yangu ni ya leseni. Mteja alikuja na fonti yake mkononi, kaidanlodi bure, anataka jina la kitabu liandikwe kwa hiyo hiyo. Nikafungua folda, mle ndani kuna kile kifaili cha maandishi ambacho watu hawakifunguagi, kimeandikwa matumizi binafsi tu. Nikamwandikia aliyeichora, nikamweleza ni kava, kitabu kinauzwa, cha karatasi na cha kusoma kwenye simu. Alijibu vizuri tu! Akataja bei mbili, kwa sababu kwenye kitabu cha simu faili la fonti linaweza kusafiri ndani ya kitabu chenyewe, wakati kwenye karatasi linabaki umbo tu. Mteja akanunua kwa jina lake, kesho akihama dizaina haki zinabaki kwake.

fundi_wino: @mama_vekta safi, ila na wewe uliyeifunga kwenye kompyuta yako ulikuwa na ya kwako? Leseni nyingi za kompyuta zinahesabu watumiaji, ya mteja haikufuniki wewe.

mama_vekta: Ndio mkuu, nilinunua ya mtumiaji mmoja nikaiweka kwenye ankara.

Bango_Refu: Mie napenda amani, nabaki kwenye zile za leseni huria ya SIL (ile ya fonti za bure), Anton, Oswald, League Gothic, Bebas Neue. Unachapa, unauza fulana, unaweka kwenye tovuti, hamna anayekuuliza, marufuku ni kuuza fonti yenyewe peke yake. Shida ni kwamba kila mtu anazo, na Bebas Neue haina herufi ndogo, mteja mmoja alikuja mwishoni kabisa akataka jina la duka kwa herufi ndogo, ikabidi nihamie Oswald na mpangilio wote ukaanza upya maana upana haulingani.

sina_haraka: Kwani si unageuza maandishi kuwa vekta tu, yaani michoro ya maumbo, leseni inakuwa haikuhusu tena?

KalamuNzito: Hapana aisee, hiyo naisikia sana. Marekani kweli umbo la herufi halilindwi na hakimiliki, ila faili la fonti ni programu na linalindwa, na masharti uliyoyakubali wakati unalichukua yanabaki pale pale. Baadhi zinaruhusu logo moja kwa moja, zingine zinataka leseni ya pembeni. Kugeuza vekta kunamsaidia mchapaji asikose fonti, basi. Na ubaki na nakala yenye maandishi hai, ukishageuza hurekebishi hata koma.

fundi_wino: Nilipokuwa naajiriwa tulinunua leseni ya kompyuta kwa ajili ya vipeperushi, mtu wa tovuti akachukua faili lile lile akaliweka kwenye sava. Barua ikaja kutoka kwa wauza fonti. Hawakuwa wakali, walitaka tulipie leseni ya tovuti, ambayo yao ilikuwa inapimwa kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa kwa mwezi, na tovuti yenyewe ilikuwa na watu kweli kweli. Bosi akaona afadhali vichwa vya tovuti viende Anton, vipeperushi vikabaki na ile ya kununua. Havikufanana sana ila hakuna mteja aliyesema kitu 😂

Bango_Refu: Na kabla hujalipa ichapeni ndogo kwanza, nyeusi juu ya nyeupe. Nyingi za hizi nene wino unaziba matundu ya a na e, kwenye skrini hutaona.

sina_haraka: Sawa wakuu. Sasa ya programu ya simu mnalipia kwa nini, kwa watumiaji au kwa programu?

mama_vekta: Inategemea muuzaji, wengi nilioona ni kwa kila programu. Soma ya kwako.