Naomba ushauri: nimeacha sigara, ila saa ya chai kazini inanitesa

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi ujenzi hapa Dodoma, kwa sasa tuna saiti huku Nzuguni. Nimeacha sigara tangu mvua zikatike na sitaki kurudi kabisa. Mwanangu wa mwisho ana pumu, na moshi ni kati ya vitu vinavyoiamsha.

Arosto kali ya mwanzo, ile ya usingizi wa mang'amung'amu na hasira za bure, imepita. Kazi ipo saa nne, muda wa chai. Tunakaa kwenye matofali, mtu anawasha fegi, inapita mkono kwa mkono. Kibandani wanauza moja moja, kwa hiyo hata kukosa hela ya pakiti hakukuokoi. Mkono wangu unaingia wenyewe mfukoni kutafuta kiberiti. Na hii baridi ya asubuhi yenye upepo, ndiyo usiseme! Namung'unya ubuyu, unasaidia kidogo tu.

Jojo na plasta za nikotini, zile za kupunguza hamu ya sigara, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kuna aliyezipata duka la dawa hapa mjini, au ni mpaka niagize Dar? Nina presha, kwa hiyo daktari nitamwona kwanza, lakini nataka kujua zilimsaidiaje aliyezitumia.

Na nyie mliovuka mwaka, mlikaaje na wenzenu kazini? Kujitenga siwezi, maana michongo ya kazi inapatikana palepale kwenye chai.