Tupeane uzoefu: Nani amewahi kutangaza katika jarida la mtindo wa maisha linalokuja ndani ya gazeti la mwishoni mwa wiki?

Mwanzilishi wa mada

Ndugu zangu, nina karakana ndogo ya samani za mbao. Baada ya miaka mingi ya kutegemea wateja kuambiana wao kwa wao, nilinunua nusu ukurasa katika jarida la karatasi ya kung'aa ambalo huja ndani ya gazeti la mwishoni mwa wiki. Naanza na kosa langu, ili nanyi msione haya kueleza yenu. Nilipeleka tangazo la punguzo la bei la siku kumi, nikiamini kwamba jarida huchapwa usiku uleule wa gazeti. Kumbe kurasa zake hufungwa mapema, mara nyingi wiki kadhaa kabla, kwa kuwa jarida huchapwa peke yake, hukatwa, hupigwa pini, kisha husubiri siku ya kuchomekwa gazetini. Lilipowafikia wasomaji, punguzo lilikuwa limebakiza siku mbili. Simu ziliendelea kuingia kwa wiki tatu, nami nikawauzia kwa bei niliyokuwa nimekwisha kuifuta, kwani sikuona namna ya kumwambia mtu mwenye ukurasa mkononi kwamba amechelewa. Nanyi mlitangaza nini, mlipewa nafasi gani, na mlijuaje kama tangazo limeleta mteja?

Mchangiaji wa kwanza, muuza vitambaa

Langu lilikuwa la rangi. Picha nilizotuma zilitayarishwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta, ambacho huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo wa uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Zambarau yangu iliyokolea ilitoka kama nguo iliyofuliwa mwaka mzima. Mteja mmoja alikuja na ukurasa wenyewe, akaulaza juu ya kitambaa, akaniuliza kwa upole kama ninauza kingine. Tangu hapo sitoi idhini kabla ya kuona sampuli iliyochapwa, na picha nazituma zikiwa na nukta 300 kwa inchi. Maandishi nayo nayaweka mbali na kingo, kwa maana kisu cha kukatia kurasa hakina huruma na namba ya simu.

Mchangiaji wa pili, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya matangazo

Nimekaa upande wa pili wa meza, hivyo nitasema yale ambayo wauzaji wa nafasi hawayatangulizi. Majarida haya yana historia ndefu. The New York Times lilianza kutoa lake mwaka 1896. Lakini nguvu ya tangazo la rangi inaonekana vizuri zaidi kwa The Sunday Times la London, lililoanzisha toleo lake la rangi tarehe 4 Februari 1962, wakati ambapo runinga za Uingereza zilikuwa bado zinaonyesha picha nyeusi na nyeupe. Mwenye bidhaa iliyohitaji kuonekana kwa rangi yake alipata mahali pa kuiweka. Kwa hiyo anayetangaza humo asijione kama mgeni aliyekaribishwa kwa hisani, kwa kuwa fedha yake ni sehemu ya sababu ya jarida kuwapo.

Orodha ya bei ni mwanzo wa mazungumzo. Jalada la nyuma na kurasa za mwanzo huwahiwa, hasa zile za kulia, na bei yake haishuki kwa urahisi. Lakini ukurasa wa ndani ambao haujapata mnunuzi siku chache kabla ya kufunga huwa mzigo kwa muuzaji, na aliye na tangazo tayari hupata nafuu kubwa. Ukitajiwa idadi ya wasomaji, uliza pia idadi ya nakala zilizouzwa na ni nani aliyeikagua, maana nakala moja huhesabiwa kuwa na wasomaji kadhaa, na hesabu hiyo hunyumbulika. Ukishawishika kulipia makala badala ya tangazo, dai iandikwe wazi kwamba imelipiwa. Msomaji akigundua mwenyewe, atakulaumu wewe kuliko mhariri.

Mchangiaji wa tatu, wakala wa safari

Mimi niliweka namba ya simu ambayo sikuitumia mahali pengine popote. Ukurasa mzima wa mara moja uliniletea simu chache sana. Mwaka uliofuata nilinunua robo ukurasa mara sita, mahali palepale na kwa picha ileile, na simu zilianza kuongezeka baada ya tangazo la tatu. Mwingine alinipigia miezi mitano baadaye, akaniambia ameliona jarida katika chumba cha kusubiria daktari.

Mwanzilishi wa mada

Ahsanteni. Simu ya miezi mitano imeniamulia jambo moja: tangazo lijalo halitakuwa na bei wala tarehe, bali picha ya meza na namba ya simu yake peke yake. Ndugu wa idara ya matangazo, robo ukurasa sita hujadiliwa kwa mkataba mmoja, au kila toleo hulipiwa kivyake?

Mchangiaji wa pili

Mkataba mmoja. Hakikisha tu kwamba nafasi imetajwa ndani yake, la sivyo utahamishwa kila toleo.